Kila mali na mwizi wake

Msimu uliopita wa karafuu alikuja mzee mmoja pale kibandani kwangu Wete, Pemba, mchana ule wa jua kali hata kuku wamejilaza chini ya meza ya muuza ndizi, akasimama pembeni akasubiri mpaka watu wote wamalize shida zao. Shkamoo mzee, marahaba mwanangu, akaangalia nyuma, akaangalia tena, bas akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kopo la maziwa ya unga, ndani ya kopo mfuko mwengine, na ndani ya huo mwengine ndo pesa. Harufu ilinifika kabla sijaziona. Udongo, ukungu, na karafuu kwa mbali.

"Mwanangu, hizi zinaingia kwenye simu?"

Nikashindwa nimjibu vipi. Noti za elfu kumi zimegandana kama mikate ya kusukuma iliyolala kwenye hotpoti, na mchwa walishapita. Kuna noti yule tembo wa watu kabaki mkonga tu. Tulikaa chini mie na yeye kuzibandua moja moja kwa ukucha, tukatia feni ndogo ya meza, mpaka inaadhiniwa alasiri tumepata milioni moja na laki mbili na sitini zilizo nzima. Kama laki nne hivi zimeliwa pembeni, hizo nikamwambia azihifadhi vizuri azipeleke benki, maana noti iliyoharibika ikibaki sehemu ya kutosha inabadilishwa, asikubali mtu wa mtaani ampe nusu bei. Zilizobaki zilikuwa vumbi. Akalikung'uta lile vumbi nje ya mlango kwa heshima kabisa, kama mtu anayetia udongo kaburini, na wala hakusema kitu.

Zilikuwa pesa za karafuu za msimu wa nyuma yake. Alizifukia jikoni, chini ya mafiga.

Mie ni wakala wa pesa za simu, uchumi nilisoma mpaka kidato cha nne na matokeo yake tusiyazungumze hapa. Lakini ukikaa kibandani miaka tisa unaona pesa inavyoingia na inavyotoka na inavyopotea, na kitu kimoja nimeshakiamini: hakuna mali isiyo na mwizi. Kila moja ina wa kwake. Mtu anaposema "nimeiweka pahala salama" maana yake amechagua tu mwizi yupi anamuweza.

Huyu mzee mwizi wake alikuwa mchwa, na mchwa ni mwizi mdogo jamani, anaonekana, unaweza hata kumpiga dawa. Yupo mkubwa asiyeacha hata kinyesi. Nakumbuka niko skuli ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 90, shilingi mia ilikuwa pesa ya kutumwa dukani, unapewa na unaambiwa ikunje uitie mkononi usifungue mpaka ufike. Leo mpe mtoto shilingi mia anakugeuzia macho. Ile mia haikuliwa na mchwa wala haikuibiwa, ilikaa vilevile mia, vitu ndo vilivyoondoka vikaiacha. Miaka ile mfumuko wa bei ulikuwa unafika karibu asilimia 30 kwa mwaka, na kwa mwendo huo bei zinakuwa maradufu kabla miaka mitatu haijatimia, yaani ukifukia pesa ya ng'ombe mzima leo, ukija kuifukua mtoto akiwa ameshaanza kukimbia unapata nusu ng'ombe. Saivi tunaambiwa ni asilimia 3 hivi, ambayo kwa mwaka mmoja huioni, lakini kwa miaka ishirini na kitu inafanya kazi ileile.

Nikamuuliza mzee kwa nini hakuipeleka benki. Nilidhani ataniambia riba, maana wengi hapa kwetu hilo ndo jibu lao na wana haki yao, ingawa PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wenyewe walianzisha huduma za Kiislamu tangu 2011 na akaunti isiyo na riba ipo. Au ataniambia benki zinaanguka, hapo nilishajipanga kumwambia habari ya Bodi ya Bima ya Amana, kwamba benki ikifa mwenye amana analipwa mpaka kiwango fulani, zamani ilikuwa milioni moja na nusu na tangu 2023 ni milioni saba na nusu. Wala. Akanambia hivi, kwa sauti ya chini:

"Benki kuna kitabu. Kitabu kina karatasi. Karatasi watoto wanasoma."

Bas. Hakuwa anamuogopa mwizi, alikuwa anawaogopa watoto wake.

Sasa ukitoka Wete ukitazama ng'ambo ya maji kuna Mtambwe Mkuu, maji yakitoka unaweza kuvuka kwa miguu. Saivi ni pahala pa kimya, mikoko na magofu na upepo, lakini zamani hizo ulikuwa mji. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua pale akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, vitu vidogo vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na chache za dhahabu, dinari za watawala wa Kifatimi wa Misri. Karne ya 11 hiyo. Hebu fikiri, watu wa hapahapa Pemba walikuwa wanashika dhahabu ya Misri mkononi wakati huo. Na zile za fedha ni za watawala wa huku kwetu pwani, upande mmoja kuna jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yamepangwa yanatoa vina kama shairi. Mie hiki kitu kinanifurahisha mpaka leo. Pesa yenye vina! Maana pesa yenyewe si kitu ni maneno, mtu anakwambia pokea hii na mwengine ataipokea kwako, na wewe unaamini. Ile fedha ndani yake ilikuwa inasaidia tu yale maneno yaaminike.

Lakini kinachonikaa rohoni zaidi ni yule aliyezifukia. Sarafu elfu mbili mtu haziangushi njiani. Alichimba, akafukia, akasawazisha juu, akaenda zake, na hakurudi. Kwa nini hatujui, labda safari, labda maradhi, labda vita. Na hapana shaka hakumwambia mtu, maana angemwambia hata mmoja zisingelala pale miaka mia tisa na zaidi. Salama kabisa, wallahi. Hakuna mwizi aliyezigusa. Na hazikumnunulia hata pishi ya mtama.

Hapo ndo nilipoanza kutofautisha pesa na utajiri, kwa akili yangu mwenyewe si ya skuli. Zile sarafu siku zilipofukiwa Mtambwe haikupungukiwa hata mnazi mmoja, hata mtumbwi mmoja, na siku zilipofukuliwa haikuongezeka kitu. Utajiri wa mji ulikuwa juu ya ardhi muda wote, mashamba, majahazi, mikono ya watu na ujuzi wao. Sarafu ni kama tiketi ya kuchukulia hivyo vitu, na yeye alikufa na tiketi mfukoni.

Tuje kwenye karafuu, maana Mpemba akizungumza mali bila karafuu huyo anaficha kitu.

Watu wanasahau kwamba karafuu si ya kwetu asili, imeletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na enzi za Seyyid Said ikapandwa kwa amri, na kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa, hilo lisemwe pia. Kilichoifanya Pemba kuwa Pemba ni kimbunga cha 1872. Kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu yao karibu yote, Pemba ikasalimika, na uhaba ule ukapandisha bei ya kilichobaki. Msiba wa jirani ndo ukawa neema yetu. Inakera kuisema hivyo lakini soko halina haya, bei haiulizi nani kalia.

Babaangu alikuwa na mikarafuu michache, arobaini na kitu, na alikuwa mtu wa kusubiri. Miaka ya 80 katikati aliweka magunia mawili kwenye dari, karafuu kavu safi, rangi ya kahawia inayong'aa, ukivunja kichwa mafuta yanakuja kwenye kidole. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma akanusa juu, akarudi akakaa barazani ameridhika. Mama akimwambia uza tukaezeke banda la jikoni, anasema bei itapanda. Na bei ikapanda kweli! Hapo ndo utamu wa kisa. Alipouza miaka ile ya baadae alihesabu shilingi nyingi kuliko alizokataa mwanzo, akarudi nyumbani kifua mbele, akaenda dukani kutafuta mabati akakuta mabati nayo yamepanda zaidi ya karafuu. Shilingi ilikuwa imeshushwa thamani na imeshuka tena. Pesa nyingi, bati chache. Akaezeka nusu ya banda kwa bati na nusu kwa makuti, na nusu hiyo ya makuti ilikaa mpaka mie naoa.

Na huko duniani kilichokuwa kinaendelea sisi hatukujua. Indonesia ndo waliokuwa wateja wetu wakubwa, wanatia karafuu kwenye sigara zao zile za kreteki, halafu wakapanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi mpaka wakajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Mwizi wa magunia ya babaangu alikuwa anapanda miti Sulawesi na Java, wala hamjui babaangu, wala hana ubaya naye. Watu wengi hapa waliitupa mikarafuu ikaota majani mpaka kiunoni, wengine wakakata kuni.

Kitu chengine cha karafuu ni kwamba mnunuzi kisheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Ukiritimba huo. Wa kuuza tuko maelfu, wa kununua yuko mmoja. Una raha yake, nisiwe mchoyo: bei unaijua kabla hujapanda mtini, hakuna dalali wa kukuzungusha, ilikuwepo miaka kadhaa Sh14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza ikakaa palepale, na serikali ikasema mkulima apewe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, kitu ambacho wazee wetu miaka ya 70 hawakukiota. Lakini bei ya mnunuzi mmoja ina jirani, na jirani wetu ni Kenya, hapo karibu tu. Bei mbili zikitazamana na bahari ikiwa katikati, chombo kitapatikana tu, usiku usio na mwezi. Serikali zimetia doria na magereza na bado, na kilichoyapunguza magendo kuliko bunduki ni bei yenyewe kupanda. Tofauti ikiwa ndogo nani atahatarisha ngalawa yake.

Na kazi yake nisiiruke, maana anayenunua karafuu dukani kwenye kipakiti hajui. Kilo tatu mbichi ndo zinatoa kilo moja kavu, hivi hivi kwa kukisia. Mtu anapanda juu huko matawini, mikarafuu mirefu na matawi yake yanavunjika kama biskuti, kila msimu tunapokea majeruhi hospitali na wengine hawashuki wazima. Chini akina mama wanachambua usiku, karafuu huku makonyo, yaani vijiti vyake, huku, vidole vimekuwa vyeusi. Halafu majamvi barabarani, siku nne, tano, na ukiona wingu upande wa bahari utaona mtaa mzima unakimbia, mtu anaacha hata sufuria motoni, kwa sababu karafuu ikiloa ikaja ikakauka tena inapauka na inashuka daraja, na daraja ni pesa. Wingu moja la nusu saa. Mie nimewahi kuacha kibanda wazi na droo ina pesa nikaenda kukusanya jamvi la jirani, na nikarudi pesa ipo. Siku hizo mwizi aliyekuwa akiogopewa mtaani alikuwa juu mbinguni.

Dhahabu sasa. Wake zetu watanisamehe.

Mke wangu alikuja na bangili nne na mkufu, dhahabu ya karati 21, zimetoka Muscat kwa shangazi yake. Mie nilipotaka kufungua kibanda nilikuwa sina floti, ile pesa ya kuzungushia inayokaa kwenye simu ya wakala, na wakala bila floti ni mvuvi bila nyavu. Tukazungumza siku tatu. Siku ya nne akavua bangili mbili akaziweka juu ya meza, hakunitupia wala hakunipa mkononi, aliziweka tu. Nikaenda nazo kwa sonara, kijana mstaarabu, akasugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la dawa, akatizama, akapima kwenye mizani ndogo ile inayocheza hata ukipumua. Akataja bei. Nikamwambia mbona hapo kwenye kioo umeandika gramu ni zaidi ya hiyo? Akacheka. "Hiyo ya kununua kwangu. Hii ya kuniuzia." Na ufundi haurudi, yale maua yote yaliyochongwa na miezi ya fundi, bure, anapima uzito wa kuyeyusha tu, na karati 21 maana yake kwenye sehemu 24 tatu si dhahabu.

Kwa hivyo mwizi wa dhahabu amekaa dukani na kalamu na wala si mwizi, ni mfanyabiashara halali, ile tofauti ya bei mbili ndo ugali wake. Ukinunua asubuhi ukauza jioni umeshaliwa. Ndo maana dhahabu ni ya kukaa nayo muda mrefu, na hata muda mrefu si kila muda. Watu wanakwambia dhahabu haishuki. Inashuka. Januari 1980 wakia moja ilifika kama dola 850, na mwaka 1999 ilikuwa inacheza kwenye dola 250 na kitu, miaka karibu ishirini, mtoto amezaliwa ameolewa. Saivi imepaa imepita dola 3,000 na mke wangu kila akisikia redioni anageuka ananitazama. Haongei. Bangili mbili zile kwa bei ya leo, mie nshapiga hesabu peke yangu usiku na sitoiandika hapa.

Lakini na mie nina utetezi, na utetezi wangu unatoka kwenye dini yenyewe. Mali ikilala, ikifika nisabu, yaani kiwango cha kutolewa zaka, kwa dhahabu ni kama gramu 85, inatolewa zaka asilimia mbili na nusu kila mwaka, na masheikh wetu hutukumbusha mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Yaani pesa imewekewa mwenye kuidokoa makusudi ili isilale, itoke nje ikafanye kazi. Mapambo ya kuvaa wana khitilafu yao, mie nashikilia kauli inayonisaidia, lakini fikra yake naielewa: bangili zimezaa kibanda, kibanda kimesomesha watoto wawili. Mke wangu anajibu kwamba bangili zilikuwa nne na sasa ni mbili, na watoto wangesoma tu.

Kibanda nacho kilinifundisha jambo ambalo watu wengi wazima hawalijui, kwamba kuwa na pesa na kuwa nayo mkononi ni mambo mawili. Msimu wa karafuu kila mtu anataka kutoa, kulipa wachumaji, kununua majamvi, na mie kwenye simu nina mamilioni, floti imejaa, lakini kwenye droo sina hata elfu tano. Tajiri asiyeweza kununua chai. Mwezi wa Ramadhani mwishoni hivyohivyo, watu wa Unguja na Dar na Oman wanatuma, watu wanakuja kutoa, na Idi ikipita kimya kabisa. Nyumba nayo vilevile, shamba vilevile, mtu ana nyumba ya milioni arobaini na mtoto anahitaji laki tatu ya matibabu leo hii magharibi. Nyumba haikatwi tofali ikapelekwa hospitali. Ndo unakuta wanauza karafuu zikiwa bado maua mtini, anamkodisha mwenye pesa mti kwa bei ya kutupa, na mwenye pesa anasubiri miezi mitatu anavuna mara mbili. Tunamlaani huyo mwenye pesa, na baadhi yao wanastahili, lakini alichouza ni kitu kimoja tu, ni leo. Na leo siku zote ina bei kali kuliko kesho.

Mwizi wa pesa za simu nimemjua mwenyewe, sitaki kulirefusha, aliwahi kunipigia mtu mwenye sauti nzuri kuliko ya msoma taarifa ya habari, akanambia mfumo unarekebishwa, bonyeza hivi, bonyeza hivi, nikabonyeza. Laki sita na arobaini. Mie wakala! Miezi miwili nilikuwa namwambia mke wangu biashara imelala.

Mke wangu ana chama chao. Kikundi cha hisa, wanawake ishirini na tano wa mtaani, wanakutana kila Jumamosi baada ya alasiri barazani kwa mmoja wao, na hii aina ya vikundi Unguja na Pemba vimeenea tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Wana sanduku la bati la kijani, dogo, unaweza kulibeba kwapani. Lina kufuli tatu, funguo wanashika watatu tofauti na sanduku analilaza wa nne. Mke wangu ni ufunguo wa pili, anaufunga kwenye pindo la kanga na usiku unalala ndani ya pipa la unga, na mie naujua ulipo na najua pia haunifai kitu bila miwili mengine. Jumamosi wanafungua wote watatu pamoja, wanahesabu kwa sauti, mtu mzima mmoja asiyejua kusoma ndo anayeambiwa akumbuke jumla ya mwisho, na wiki inayofuata kabla hawajafungua anaulizwa: bi mkubwa, zilikuwa ngapi? Anataja mpaka mia ya mwisho. Wanakopeshana mle mle, na ikikaribia Ramadhani wanavunja, kila mtu anabeba chake na faida.

Sanduku lile mtoto wa darasa la nne na nyundo analifungua kwa dakika mbili. Nililitazama siku moja nikasema hizi kufuli ni za mapambo. Kinacholilinda ni kwamba watu ishirini na tano wanajua kilichomo. Akiingia mwizi usiku asubuhi mtaa mzima umesimama. Ni kinyume kabisa cha yule bwana wa Mtambwe, yeye alifanikiwa asijue mtu na ndo ikawa hasara yake, hawa kila mtu anajua na pesa haijapotea mwaka wa nane huu. Ila na wao wana mwizi wao, msidhani. Watu wakijua unacho wanakuja. Shemeji anaumwa, binamu anaoa, jirani paa linavuja, na huwezi kusema sina kwa sababu Jumamosi ulihesabiwa mbele ya dada yake. Mke wangu anasema mgao wake una masikio yaliyousubiri tangu mfungo mosi. Ndo maana namuelewa yule mzee. Pesa isiyojulikana haiombwi.

Basi yule mzee nilimsajili siku ileile, alikuwa na kitambulisho cha Mzanzibari na simu ya tochi. Nikamwambia chagua namba nne za siri, usimwambie mtu, hata mie. Akafikiri, akanambia, "Chagua wewe, mie nitasahau, wewe uniwekee." Nikakataa. Tukavutana hapo, mwisho akachagua, akaificha simu kifuani kwa mikono miwili kama anayeogopa kuonwa na watoto wa mtaa mzima. Halafu kabla sijaingiza pesa akauliza swali ambalo miaka tisa sikuwahi kuulizwa na vijana wa simu kubwa.

"Na mie nikifa, hizi zinakwenda wapi?"

Nikamwambia warithi watakuja na cheti cha kifo na karatasi za mirathi, kampuni itaangalia, watapewa. Lakini lazima wajue kama zipo. Kama hakuna anayejua, hakuna atakayeziulizia.

Akanyamaza muda mrefu. Muuza ndizi akaanza kufunga meza yake. Mzee akachukua zile noti nzima akazigawa mafungu mawili kwa jicho, bila kuhesabu, akanisukumia moja. "Tia hizi." Lilikuwa fungu la laki saba. Jengine akalirudisha kwenye kopo, akafunika, akatia kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, akaniaga vizuri akaenda zake na njia ya msikitini. Sikumuuliza anakwenda kulifukia wapi safari hii, na kusema kweli nilitamani kujua.

Wiki ya pili yake akaja bintiye, mwanamke mtu mzima, kavaa buibui safi, kanunua vocha ya elfu moja ambayo naona hakuwa na shida nayo. Akakaa kidogo akilaumu joto.

"Eti kaka, baba kaja kuweka pesa hapa? Kiasi gani?"

Nikamwambia kamuulize mwenyewe.

"Nshamuuliza," akasema. "Kanambia nikuulize wewe."